Mama Mkwe wa Chuma: Namna ya Kuishi na Kompyuta na Tovuti Bila Ugomvi

Ukitoka Kariakoo na kompyuta mpya kwapani, usidhani umenunua chombo. Umemkaribisha mama mkwe. Hali wala hanywi, lakini ana masharti, na akinuna nyumba nzima itajua. Masharti yenyewe ni haya.

1. Mfagilie chumba chake. Vumbi huziba feni na mapezi ya kipozeo, joto likakosa pa kutokea. Prosesa nyingi za siku hizi zikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi hujipunguzia kasi zenyewe zisiungue. Hapo ndipo mashine iliyokuwa bodaboda inageuka mkokoteni. Kila baada ya miezi michache izime, ichomoe, uifungue na kuipuliza kwa blowa, huku umezuia feni kwa kidole isizunguke ovyo. Usiiweke sakafuni, wala penye dirisha linaloingiza upepo wa bahari, kwa maana chumvi hula shaba polepole.

2. Usimshtue. Umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi, subiri kidogo utulie ndipo uwashe. Stabilaiza hunyoosha volti lakini haina akiba; UPS ina betri, nayo hukupa dakika za kuhifadhi kazi na kuzima kwa adabu. Na kabla ya kushika RAM, gusa kwanza chuma kitupu cha kasha. Mwili wako hubeba umeme usiousikia, lakini chipu inausikia.

3. Wazuie wageni wasioalikwa. Tarehe 9 Septemba 1947, mafundi wa kompyuta ya Harvard Mark II, Marekani, walimkuta nondo amenasa ndani ya mashine. Walimbandika kwa utepe kwenye daftari la kazi, na daftari hilo limehifadhiwa hadi leo. Kwetu zamu hiyo wameichukua mende na mijusi, ambao hupenda joto la kisanduku cha umeme kilicho ndani ya kasha. Ziba nafasi za kadi zilizo wazi nyuma ya kasha, na sambusa ziliwe kwenye meza ya chakula, si juu ya kibodi.

4. Lipa kodi ya nyumba. Jina la tovuti, liwe la .tz au la .ke, halinunuliwi likawa lako milele. Unalipanga kwa muda, na muda ukiisha bila malipo, mwingine anaweza kulichukua. Kwa hiyo liandikishwe kwa jina lako na barua pepe unayoifungua kila siku, si ya kijana aliyekutengenezea. Nimeona duka la vitenge likipotea mtandaoni kwa sababu barua za kukumbusha zilikwenda kwa fundi aliyekwisha kuhama mji. Mwenye duka alilia, na alikuwa na haki ya kulia. Ukimaliza hilo, punguza uzito wa picha kabla ya kuzipandisha. Mteja wako ananunua bando kwa jero. Usimlishe picha moja ya megabaiti 8.

5. Tenga nakala, kisha itenganishe. Sharti hili ndilo kubwa kuliko yote. Tarehe 10 Machi 2021, moto uliteketeza jengo la seva la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa. Wapo wenye tovuti waliokuwa na nakala, ila nakala zenyewe zilikuwa humo humo motoni. Kanuni ya mafundi ni 3-2-1: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikikaa mbali kabisa. Diski ya nje iliyo kwenye droo ya meza ile ile si mbali. Mwizi mmoja hubeba vyote viwili kwa safari moja.

Na nakala ambayo hujawahi kuirudisha ni tumaini tu. Leo usiku chagua faili moja, ifungue kutoka kwenye nakala, uone kama inasomeka. Prosesa ikiungua, Kariakoo wapo wa kukuuzia nyingine kesho asubuhi. Sauti ya marehemu bibi uliyoirekodi kwenye simu ukaihamishia kwenye kompyuta, hakuna duka linaloiuza. Mama mkwe tunamfagilia na kumtuliza kwa ajili ya hiyo sauti.