Mboga ya Leo ni Nyama: Mwongozo kwa Asiyekula Nyama

Ndugu yangu usiyekula nyama, kabla ya yote jihadhari na neno "mboga". Mwambie mwenyeji wako wa Dar es Salaam, "Mimi nakula mboga tu," naye atakupakulia nyama ya ng'ombe kwa moyo mkunjufu, maana kwa Watanzania wengi mboga ni chochote cha kulia ugali: nyama, samaki, maharage, mchicha. Sema waziwazi: "Sili nyama, samaki wala dagaa." Dagaa uwataje kwa jina, la sivyo utawakuta ndani ya kisamvu.

Hilo likishaeleweka, inabaki kazi kubwa zaidi: kuishi vizuri na watu wanaokula nyama na huku wanawapenda wanyama. Wapo, tena ni wengi, na pengine mmoja wao ndiye aliyekulea. Wangu ni shangazi, anayefuga kuku wa kienyeji. Mengi ya haya nimejifunza uani kwake.

1. Hotuba iache mlangoni. Amkia, nawa mikono, kaa. Mimi nilikosea hapo. Nilimuuliza mbele ya watu, "Shangazi, unawezaje kumla kuku uliyemlea mwenyewe?" Akanijibu taratibu, "Mwanangu, na wewe kuku mgonjwa umewahi kumkeshea?" Sikuwahi.

2. Uliza kama mwanafunzi. Shangazi anajua tetea yupi anaatamia, yupi anadonoa mayai, kifaranga gani hakurudi jioni. Kideri, ugonjwa wa kuku, kikiingia kijijini kinaweza kufagia mabanda yote kwa siku chache. Kinga yake ni chanjo ya tone moja jichoni, inayorudiwa kila baada ya miezi mitatu. Anayezikumbuka tarehe hizo anampenda kuku kwa vitendo, na anastahili kusikilizwa kwanza.

3. Msikilize na mchinjaji. Mafundisho ya Kiislamu yanamtaka anoe kisu barabara, asikinoe mbele ya mnyama, wala asimchinje mmoja huku mwingine anatazama. Mchinjaji anayeyafuata hayo amekwisha kufikiria maumivu ya mnyama. Unaweza kubaki na msimamo wako na bado ukaiheshimu huruma hiyo.

4. Pima na kikombe chako. Kama unakunywa chai ya maziwa, kumbuka kwamba ng'ombe hatoi maziwa asipozaa, na karibu nusu ya ndama huzaliwa madume. Madume wengi huishia mnadani, kisha buchani. Mayai nayo yana hadithi hiyohiyo, maana jogoo hatagi. Sikwambii umwage chai. Nakukumbusha kwamba wewe na mla nyama mnatembea njia moja, mmesimama vituo tofauti, na mtu wa njia moja huzungumzishwa kwa upole.

5. Shikaneni mikono pale mnapokubaliana. Mfugaji mwema hapendi kuona kuku wamefungwa miguu na kuning'inizwa vichwa chini kwenye baiskeli, wala ng'ombe wamebananishwa kwenye lori siku nzima bila maji. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008. Isomeni pamoja, kisha mzungumze na mwenye lori. Tazama yaliyotokea kwa punda. Nchini Kenya, wenye punda walioibiwa wanyama wao walisimama kupinga machinjio ya punda, na Februari 2024 Umoja wa Afrika ukakubali kupiga marufuku kuchinja punda kwa ajili ya biashara ya ngozi. Wenye punda hao hawakuulizwa walikula nini usiku uliotangulia. Wangeulizwa, punda wangepoteza watetezi wengi.

6. Njoo na chungu chako. Maharage ya nazi, kisamvu cha karanga, kunde zilizoiva zikalainika: pika nyingi, uwapakulie wote. Mtu akiomba kuongezewa, mwongezee, na usiseme neno. Chakula kitamu kinajisemea chenyewe.

Safari yangu ya mwisho nilifika siku ya chanjo. "Shikamoo, shangazi." "Marahaba. Vua viatu, uje unishikie hawa." Nikawashika mmoja mmoja, kichwa nimekilaza ubavu, naye akidondosha tone jichoni. "Usimwachie," aliniambia, "mpaka apepese." Nilihisi moyo wa kuku ukipiga kiganjani mwangu. Sikukuu ikifika, shangazi atachinja mmoja kati ya hao, nami nitakula kunde pembeni yake. Lakini asubuhi ile sote wawili tulikuwa tunalitazama jicho moja, tukingoja lipepese.