Sifa za Faili la Jinai Lisiloonekana

Faili la kesi ya jinai ni jalada lenye hati ya mashtaka, masharti ya dhamana, ushahidi ulioandikwa kwa mkono wa hakimu, vielelezo na, Mungu akipenda, hukumu. Mafaili haya ni ya aina mbili: linaloonekana na lisiloonekana. La kwanza halina la kusimuliwa. Mtu huliomba, akaletewa, akalisoma, akaenda zake. La pili ndilo linalostahili sifa. Wakazi wengi wa Kisumu na ufuo wa Ziwa Victoria wamelifuatilia kwa miaka bila kuliona hata mara moja, na bado hulitaja kwa heshima.

Makao yake rasmi ni masjala ya mahakama. Neno kaunti katika jina la Kaunti ya Kisumu lisimpoteze mtafutaji. Ugatuzi ulipoanza mwaka 2013, kaunti 47 zilipewa zahanati na masoko, lakini mahakama zilibaki za taifa, na serikali ya kaunti haina rekodi ya kesi ya kumwonyesha mtu. Ndani ya Kaunti ya Kisumu peke yake, kesi inaweza kuwa katika mahakama ya Kisumu, Winam, Maseno, Nyando au Tamu. Ya mauaji husikilizwa na Mahakama Kuu, na rufaa huweza kufika Mahakama ya Rufaa, ambayo nayo ina masjala mjini Kisumu. Mvuvi aliyekamatwa na nyavu haramu Mbita hatafutwi Kisumu, na mwizi wa ng'ombe wa Bondo hatafutwi Siaya mpaka imethibitika kwamba hayuko Bondo.

Wapo wanaolichanganya faili na cheti cha maadili mema kinachotolewa na DCI, Idara ya Upelelezi wa Jinai. Cheti huombwa kupitia eCitizen, ada ikalipwa, alama za vidole zikachukuliwa kwenye fomu ya C24 na kulinganishwa na zilizohifadhiwa Nairobi. Lakini kinamhusu mwombaji mwenyewe tu. Hakuna mzazi anayeweza kuomba cha mchumba wa binti yake, hata awe na sababu nzuri kiasi gani. Wengine hukimbilia mkusanyiko wa Kenya Law, unaotolewa bure na Baraza la Taifa la Kuripoti Sheria. Huko zimejaa hukumu za Mahakama Kuu na zilizo juu yake, ilhali kesi nyingi za jinai huishia kwa mahakimu. Kwa hiyo njia zote hurudi masjala.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi kueleza. Kwanza hutafutwa namba ya kesi, ambayo imeandikwa kwenye hati ya mashtaka. Asiye nayo huanzia kituo cha polisi kwa namba ya OB, yaani kitabu cha matukio, au hupitia orodha ya kesi za siku ikiwa anaijua tarehe, au huomba kufunguliwa rejista, ambamo kesi zimepangwa kwa namba na mwaka. Namba inayotanguliwa na herufi E ni ya kizazi cha mfumo wa kielektroniki. Baada ya namba huandikwa barua ya kuomba kulipitia faili, ada hulipwa, risiti hutolewa, na karani huingia ndani kulileta.

Hapo ndipo sifa kuu ya faili huanza kung'aa, nayo ni kupenda safari. Faili halina miguu, nauli wala kitambulisho, lakini limezunguka kuliko mtu yeyote aliyetajwa ndani yake. Karani hurudi mikono mitupu na kusema liko kwa mheshimiwa. Kwa mheshimiwa, limeondoka sasa hivi kwenda kwa mpiga chapa. Mpiga chapa analikumbuka vizuri sana: lilikuwa hapa juzi, likachukuliwa na kiongozi wa mashtaka. Kiongozi wa mashtaka amehamishwa. Aliyeshika nafasi yake anadhani liko kwenye hifadhi ya mafaili ya zamani, na mwenye ufunguo wa hifadhi yuko likizo. Hakuna afisa anayelikana. Kila mmoja amewahi kuliona likipita, na kila mmoja hulizungumzia kwa wakati uliopita.

Historia ya uchukuzi katika eneo hili haina mfano wake. Reli ya kwanza ilifika ziwani mwaka 1901, Kisumu ikiitwa Port Florence, ikakomea majini. Reli ya SGR iliyotarajiwa kuifuata ilisimama Naivasha mwaka 2019. Faili halijawahi kusimama. Hakimu aliyeanza kesi akihamishiwa Garissa, kifungu cha 200 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai humruhusu hakimu mpya kuendelea na ushahidi ulioandikwa na mwenzake. Ila haijulikani kama faili limebaki kumsubiri mgeni au limemfuata mwenyeji wake kwa uaminifu. Wataalamu wa ndege huwafunga korongo vifaa mguuni ili wajue wanakopitia kati ya Ulaya na Afrika. Faili la wizi wa kuku halijapata mtaalamu wa kulifunga chochote, na huenda elimu ikapata hasara kubwa kwa uzembe huo.

Sifa nyingine zinatosha kutajwa tu. Faili lisiloonekana huwapa kazi waendesha boda boda, wenye mashine za fotokopi na wauza mandazi walio nje ya lango. Hulinda siri za watu kuliko Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Humfundisha mtafutaji kwamba kesho ni siku isiyo na tarehe.

Tena lina kipawa cha kutambua watu. Halimtambui mama aliyepanda matatu Ahero alfajiri akiwa na barua, risiti na kitambulisho. Humtambua upesi bwana aliyekunja noti kiganjani: faili lililotoweka kwa miezi hupatikana kabla chai haijapoa. Penye udhia, penyeza rupia, walisema wahenga. Rupia iliacha kutumika Kenya mwaka 1920. Methali yake bado inafanya kazi saa za ofisi. Na kuna wateja wa upande wa pili, wanaolipa ili faili lisionekane kabisa, mashahidi wachoke, mlalamikaji akate tamaa na kesi ife.

Basi isemwe wazi: karatasi haijifichi. Kuna mkono ulioliweka faili nyuma ya kabati, na mkono huo una jina na namba ya ajira, na hulipwa mshahara na mama yule yule wa Ahero kila anaponunua sabuni. Juu ya mkono huo yupo mkubwa anayejua, na ambaye akiulizwa hujibu kwamba suala linashughulikiwa. Makarani waaminifu wapo, wanaopanga mafaili sakafuni kwa kukosa rafu, na hao ndio hutukanwa kwa niaba ya wenzao.

Gharama kubwa kuliko zote hulipwa Kodiaga, gereza kuu la Kisumu lililo kwenye barabara ya Busia. Kifungu cha 349 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai humpa aliyehukumiwa siku 14 za kukata rufaa. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 50, humpa haki ya nakala ya mwenendo wa kesi ndani ya muda unaofaa. Siku 14 za mfungwa huhesabiwa. Muda unaofaa wa masjala hauna hesabu. Sheria yenyewe iliijua tabia hii mapema, ikaagiza rufaa iliyochelewa ipokewe ikiwa kilichoichelewesha ni kukosa nakala. Hata hivyo, anayetakiwa kuueleza ucheleweshaji ni mfungwa. Faili likipotea mwaka mzima, halitakiwi kueleza lolote.

Na likipotea moja kwa moja? Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilikabiliwa na swali hilo mwaka 1952, ikaamua kwamba kupotea kwa rekodi peke yake hakumwachilii mkata rufaa. Mahakama za Kenya zimefuata njia hiyo: huuliza nani alisababisha rekodi ipotee na ni nini kilichosalia, kisha huamua kama kesi isikilizwe upya au mtu aende nyumbani.

Marekebisho hayajakosekana. Mwaka 2011, chini ya Jaji Mkuu Willy Mutunga, iliundwa afisi ya Ombudsman wa Idara ya Mahakama, na mafaili yaliyopotea yakawa miongoni mwa malalamiko yake ya kila mara. Kesi zilianza kuwasilishwa kielektroniki Nairobi Julai 2020, na mwaka 2024 mpango huo ukatangazwa kwa mahakama zote nchini. Faili jipya sasa halitembei. Huwa tu mtandao umeenda. Ya zamani yamebaki kwenye rafu.

Mtafutaji mwenye busara hupiga fotokopi ya hati ya mashtaka siku ya kwanza, huandika namba ya kesi na tarehe ya mwisho iliyotajwa, hulipa pale tu panapotolewa risiti, na barua yake huigongesha muhuri kwenye nakala mbili, moja akarudi nayo. Asipojibiwa, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 huipa ofisi ya umma siku 21 za kujibu, na malalamiko kwa Ombudsman hayahitaji wakili. Lisipopatikana kabisa, mahakama inaweza kuamuru faili lijengwe upya kutokana na nakala zilizo kwa polisi, kwa kiongozi wa mashtaka na kwa wahusika. Kazi hiyo hufanywa katika masjala ile ile, na faili jipya likikamilika huwekwa kwenye rafu ile ile.