Nyumba Bila Ardhi, Hata Mtandaoni

Lugha ya tovuti haifai kumtisha mtu wa Mombasa. Kisiwa hiki kimezoea nyumba bila ardhi: nenda Majengo, utamkuta mtu anayemiliki kuta, mabati na milango yote, na bado kila mwezi anapeleka kodi ya kiwanja kwa mwingine. Mtandaoni mambo ni yayo hayo. Domeini, lile jina linaloishia kwa .co.ke, huwi nalo milele. Unalilipia kwa muda kupitia wakala aliyeidhinishwa na KeNIC, shirika linalosimamia majina yote ya .ke. Hostingi ni malipo mengine, ya nafasi ndani ya seva, yaani kompyuta isiyozimwa ambamo kurasa zako hukaa. Kodi mbili, tarehe mbili, na mara nyingi wadai wawili.

Ami yangu, muuza udi na mafuta mazuri wa Ndia Kuu, hakuambiwa hayo. Kijana aliyemtengenezea tovuti alimhakikishia kwamba kila kitu kimelipwa, kisha akahamia Nairobi na laini ya simu akabadilisha. Mwaka ulipotimia, ami akalipa hostingi, akakaa kungoja oda za Maskati. Hazikuja. Kurasa zilikuwa salama salimini ndani ya seva, ila jina la kuzifikia lilikuwa limekwisha muda. Na kwa kuwa anwani yake ya barua pepe ilibeba jina lilo hilo, kila aliyemwandikia alirudishiwa barua yake. Mkwewe wa Maskati alipiga simu kuuliza, kwa adabu zote, kama duka lingalipo au watu wasome hitima.

"Mimi nimelipa!" ami akafoka, risiti mkononi.

"Umelipa ya nyumba, ami. Ya kiwanja bado."

Alielewa papo hapo. Akawalaani wenye viwanja wote wa Mombasa, akianzia kwa Wareno walioanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593.

Jina tukalikomboa, na kwa hasira ami akaamuru tuhamie seva nyingine. Hapo tukaingia katika mambo ya DNS, mfumo aliouasisi Paul Mockapetris mwaka 1983, ambao kazi yake ni kugeuza jina la tovuti kuwa namba ya seva inakokaa. Kompyuta nyingi duniani huliweka jibu la zamani hadi muda wake uishe, kwa hivyo ukihama, wengine hukuona mahali papya mapema na wengine huchelewa, hata siku mbili. Mkwe wa Maskati akapiga tena: tovuti mpya imependeza, mashallah. Ami, mwenye duka, anatazama ile kuukuu.

"Duka langu, niko ndani yake, na wa Maskati alione kabla yangu?"

Nilijaribu kumtuliza kwa kumweleza kwamba waya wa TEAMS umelazwa chini ya bahari kutoka Fujairah hadi Mombasa tangu 2009. Nikaharibu zaidi. "Basi sema tovuti yangu yaja na kaskazi," akasema, akaenda kunywa kahawa chungu.

Kisha likaja la jini. Kijana wa dukani alikuwa akisoma oda kwenye kompyuta, mara, oda moja ikatoweka, ya pili ikafuata, na ya tatu. Akatoka mbio hadi barazani, Ayatul Kursi mdomoni. Kumbe ami yuko Likoni anangoja feri, na kwa kukosa la kufanya anafuta barua kwenye simu ili apate nafasi. Akaunti ya barua pepe ilikuwa imewekwa kwa IMAP, utaratibu wa 1986 ambao huacha barua kwenye seva, na kila kifaa huonyesha kilichoko huko. Ukifuta kwenye simu, umefuta kote. POP, uliotangulia mwaka 1984, huzishusha barua kwenye kompyuta moja na kwa kawaida huziondoa kwenye seva. Oda tulizikuta kwenye kapu la takataka, zote. Jini hakuonekana.

Sasa wewe mwenye duka, iwe Biashara Street au Marikiti, usingoje simu ya hitima. Chukua karatasi uandike: domeini imesajiliwa kwa jina la nani na inaisha lini, hostingi inalipwa kwa nani na lini, paswadi za zote mbili. Jina liwe lako, si la fundi. Na anwani utakayompa wakala ya kukukumbusha malipo isiwe ile inayotumia domeini hiyohiyo, kwa sababu siku itakapokufa, barua ya kukudai haitakufikia.