Gari Lako Limeharibikia Wapi?

Jamaa zangu wa Limuru hunitumia picha za njia zao za baiskeli za Jumamosi: mashamba ya chai, ukungu, kilima juu ya kilima, lami nyembamba isiyo na matatu. Kisha huniuliza kwa huruma kama sisi wa Turkana tunapo mahali pa kuendeshea.

Tunapo. Toka Lodwar alfajiri, ushike barabara ya A1, ile inayotoka Kitale na kuendelea hadi mpaka wa Sudan Kusini, uelekee Kakuma. Ni kama kilomita 120. Zamani magari yalikwenda huku kwa misafara ya polisi kwa kuogopa majambazi. Siku hizi unaweza kupiga kona baada ya kona bila kusikia kitu isipokuwa mnyororo wako. Vilima vipo pia, ila desturi ni tofauti: vya Limuru hupandwa, vya kwetu hutazamwa. Vinakaa kando, vyeusi kwa mawe, na barabara inapita chini yao ikizama ndani ya laga, yaani mkondo wa mto mkavu, na kuibuka ng'ambo, laga nyingine, kuibuka tena, hata mwisho wa safari umepanda mlima mzima kwa vipande. Na utulivu huu una historia: serikali ya kikoloni ilimleta Jomo Kenyatta Lodwar mwaka 1959 akae chini ya vizuizi baada ya kifungo chake cha Lokitaung. Wakati ule utulivu wa huku ulihesabiwa kuwa sehemu ya adhabu. Leo kuna watu wananunua kofia ya plastiki na kaptura ya kubana ili waje kuutafuta.

Shida ni kwamba barabara imetulia, lakini watu wake hawakuachi utulie. Kwa maoni ya wengi huku, mtu mzima anayepiga pedali peke yake katikati ya jangwa amepatwa na jambo. Kilichobaki ni kujua jambo gani.

Wa kwanza huwa watoto wachungaji. Mnasalimiana, "Ejoka?" "Ejok," kisha mkubwa wao anatazama nyuma yako kwa muda mrefu, akitafuta gari lililokuacha. Katika safari yangu, wa pili alikuwa dereva wa lori la mbuzi. Alisimamisha lori, na kabla sijafungua kinywa utingo wake alikuwa ameshainua baiskeli na kuanza kuipandisha juu kwa mbuzi. Nikamshukuru, nikamweleza kwamba mimi napenda kuendesha. "Sawa, mwalimu," akasema, "panda twende, utaendesha ukifika Kakuma."

Kwenye kizuizi cha polisi mambo yalikuwa rasmi zaidi.

"Unatoka wapi?"

"Lodwar, afande."

"Gari lako limeharibikia wapi?"

"Sina gari, afande. Nafanya mazoezi."

"Daktari amesema una ugonjwa gani?"

"Hakuna daktari. Naendesha tu."

Akamwita mwenzake aje anisikie. Niliirudia habari yangu tangu mwanzo, wakatazamana, wakaniketisha kivulini, wakanipa maji, wakaniomba nisiendelee na safari nikiwa katika hali ile. Hakukuwa na ubaya wowote. Nimehojiwa kwa ukali zaidi na wakwe zangu.

Sasa nizungumzie miiba, maana humo ndimo utani unamokwisha. Turkana ina migunga ya kila namna, lakini mfalme wa panchari ni mathenge. Mti huu uliletwa katika maeneo makavu ya Kenya ili kuzuia jangwa na kuwapa watu kuni, ukapandwa kwa bidii miaka ya 1980, nao ukatii amri kupita kiasi: ukaziba njia, ukafuata kingo za mito, ukateka malisho. Wakazi wa Baringo waliishtaki serikali kwa ajili yake, na mahakamani Nairobi wakaleta mbuzi asiye na meno awe kielelezo cha kile ambacho maganda matamu ya mti huo humfanyia mnyama. Mbuzi yule alipata mawakili. Tairi langu halikupata hata shahidi.

Lilitobolewa mahali pasipo na kivuli, nami nikatoa vifaa vyangu kwa majivuno. Mimi ni mzaliwa wa Busia, ambako vijana wamekuwa wakivusha abiria mpakani kwa baiskeli tangu miaka ya 1960, na ambako mtoto hujua kuziba panchari kabla hajajua kusoma. Joto lilikuwa limeifanyia kazi gundi yangu. Ndani ya kichupa kilibaki kitu kigumu cha kahawia. Kila nilipong'oa mwiba mmoja, tairi lilinionyesha mwingine. Akatokea mzee mmoja wa Kiturkana, sijui kutoka wapi kwa kuwa nyanda zile ni tambarare na nilikuwa nikitazama pande zote. Aliweka ekicholong, kigoda chake, chini, akaketi, akaliomba tairi, akalikagua kama anavyokagua unyayo wa ngamia. Kwa kisu chake kidogo cha kuvaa kidoleni akaichokoa miiba yote, mmoja mmoja, akaipanga juu ya jiwe nione hesabu ya uzembe wangu. Kisha akanitazama miguuni. Alivaa makubadhi yaliyokatwa kutoka tairi la gari, soli nene ambazo hakuna mwiba wa kuzipenya. Hakusema neno, wala haikuhitajika.

Maji nayo hayahitaji maelezo marefu. Mwaka 2013 ilitangazwa kwa shangwe kwamba chini ya nyanda za Lotikipi, kaskazini mwa Kakuma, kuna hazina kubwa ya maji. Kisima cha majaribio kilichofuata kikatoa maji ya chumvi. Beba ya kwako.

Kakuma ndipo nilipotarajia kueleweka, kwa sababu ni mji wa baiskeli. Tangu kambi ya wakimbizi ianzishwe mwaka 1992 imekusanya watu wa Sudan Kusini, Somalia, Ethiopia, Kongo, Burundi na kwingineko, na katika vichochoro vyake baiskeli hubeba abiria, unga, kuni na madebe ya maji. Nikajua hapa hakuna atakayeniuliza habari za gari. Na kweli hakuna aliyeuliza. Fundi mmoja wa Kikongomani alinizibia tyubu upya, akaizunguka baiskeli yangu akiisifu, mpaka alipofika nyuma.

"Kinga ni nzuri, ndugu," akasema, kwa maana ya baiskeli. "Lakini mteja anakaa wapi?"

Nikamwambia haibebi mteja.

"Mzigo?"

Wala mzigo.

"Kutoka Lodwar?"

Kutoka Lodwar. Alipunguza bei bila kuombwa. Kwa polisi nilikuwa mgonjwa. Kwa fundi nilikuwa mfanyabiashara aliyefilisika, naye aliona hilo ndilo jambo zito zaidi.

Kurudi ndiko kuliko na habari ambayo picha za Limuru hazina. Kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya kuna uwazi mkubwa, na upepo wa kusini-mashariki hujibana humo ukapita kwa kasi. Wanasayansi Kinuthia na Asnani waliuandika mwaka 1982. Ng'ambo ya Ziwa Turkana, kule Loiyangalani, umewekewa mitambo 365 ya kufua umeme. Kakuma iko kaskazini-magharibi mwa Lodwar. Kwa hiyo ukienda unasukumwa mgongoni saa zote, unajiona bingwa, unawaza kujiandikisha kwa mashindano. Ukirudi unakutana na deni. Nilifika mahali pa mteremko, nikaacha kupiga pedali nipumzike, baiskeli ikasimama. Kondoo walinipita wakiwa wanakula. Na lori lilipotokea safari hii, ni mimi niliyepunga mkono, na utingo hakuwa na haja ya kuuliza lolote.

Mwenye mapafu madogo aanze na njia ya Kalokol, kama kilomita 60 kuelekea ziwani. Njiani yako mawe ya Namoratunga, nguzo 19 za jiwe jeusi zilizosimamishwa tangu kale. Wenyeji husimulia kuwa walikuwa wachezaji ngoma waliogeuzwa mawe kwa sababu ya kucheka. Niliyapita nikiwa na uso wa mazishi. Mwenzangu wa safari ile, aliyekuwa nyuma, aliiona kaptura yangu ilivyopasuka, akajizuia hadi tulipovuka salama.

Kwa hiyo, msomaji, karibu. Vaa tairi nene, ondoka kabla ya jua, na mtu akikuuliza gari lako limeharibikia wapi, mtajie mahali popote palipo karibu, mtaokoa muda. Kwenda Kakuma nenda kwa baiskeli. Kurudi Lodwar panda matatu, na bei ya kupakia baiskeli mkubaliane na makanga kabla haijafika kwenye paa.