Darubini Isubiri: Mwongozo wa Kutazama Nyota

Kwanza kabisa, rudisha darubini dukani. Kama hujainunua, hela ibaki mfukoni. Zile ndogo zinazouzwa kwenye boksi lenye picha ya Zohali hutangazwa kwa maandishi makubwa kwamba zinakuza mara 500. Kioo cha upana wa milimita 60 kikifika mara 120 kimejitahidi sana. Ukikilazimisha zaidi, Zohali na pete zake zote zinageuka uji. Galileo alitumia darubini iliyokuza mara 20 hivi, na Januari 1610, akiwa Padua, akaona vinyota vidogo vikiandamana na Mshtarii na kubadilisha nafasi usiku hadi usiku. Ndiyo miezi yake minne mikubwa. Leo utaiona kwa darubini ya macho mawili, ile ya kutazamia simba mbugani, bora uegemeze viwiko ukutani mikono isitetemeke.

Pili, zima taa. Ya barazani, ya getini, ya jirani kama mnasikilizana, na zaidi ya zote ya simu. Jicho huchukua nusu saa hivi kulizoea giza barabara. Ukichungulia ujumbe mmoja tu wa “umekula?”, hesabu inaanza upya. Asiyeweza kuachana na simu kwa nusu saa amtazame Zuhura peke yake, maana huyo hang’ang’anizwi: msimu wake ukifika huwaka magharibi jua likishazama, au mashariki kabla halijachomoza, na hata taa za mji hazimwezi. Nyota hafifu zina adabu yake. Usizikazie macho, tazama pembeni kidogo, nazo zitajitokeza, kwa sababu pembe za jicho huona vizuri zaidi gizani kuliko katikati yake.

Tatu, acha kukimbilia mwezi mpevu. Jua linaumulika uso kwa uso, vivuli vinatoweka, na mwanga wake unazifuta nyota nyingi. Subiri uwe nusu. Hapo, kwenye mpaka wa mwanga na giza, mashimo na milima yake hutupa vivuli virefu. Watu wa pwani wamekwisha kuwa wanafunzi wazuri wa somo hili: jioni ya tarehe 29 ya mwezi wa Kiislamu husimama kulitazama anga la magharibi wakitafuta mwezi mwandamo, na mvuvi anajua kwamba mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bamvua haliko mbali.

Sasa tuingie kwenye utamu wenyewe. Anayeishi karibu na ikweta ana bahati ambayo wapenzi wa nyota wa Ulaya huilipia nauli ya ndege. Mwanzoni mwa Juni, saa mbili na nusu usiku, toka nje ukiwa Nairobi au Dodoma, elekea kusini: Msalaba wa Kusini umesimama. Geuka nyuma: nyota saba za Dubu Mkubwa ziko kaskazini wakati huohuo. Mtu wa London haoni Msalaba maisha yake yote akiwa kwao; wa Cape Town hazioni zile saba zote pamoja. Wewe umegeuka tu.

Februari, mnamo saa tatu usiku, inua uso juu kabisa. Nyota tatu zilizojipanga mstari ni mkanda wa Jabari, na majina yake, Alnitak, Alnilam na Mintaka, yana asili ya Kiarabu. Mintaka iko karibu kabisa na mstari wa ikweta ya anga, kwa hiyo popote duniani inapoonekana huchomoza mashariki kamili na kuzama magharibi kamili. Ni dira isiyohitaji betri. Fuata mstari wa mkanda upande mmoja ufike Sirius, nyota inayong’aa kuliko zote usiku. Upande wa pili utakufikisha kwenye Kilimia. Rudi kesho: zote zimewahi kwa dakika nne. Baada ya mwezi mmoja zimewahi kwa saa mbili, kwa kuwa Dunia inaendelea kulizunguka Jua.

Jua lenyewe usilitazame kwa jicho tupu, wala kwa miwani ya jua hata iwe nyeusi namna gani. Tarehe 1 Septemba 2016 lilipobaki pete tu angani Rujewa, mkoani Mbeya, miwani maalumu ya kupatwa kwa jua ndiyo iliyofaa. Hapa sina utani: jicho likiungua kwa ndani halitoi hata maumivu ya kukuonya.

Limebaki ombi moja kwako. Taa ya nje ikibidi iwake, ifunike juu na uielekeze chini, penye mlango na njia. Hakuna mwizi anayepitia angani, na watoto wa mtaa wako wana haki ya kukiona Kilimia kwa macho yao.