Barua ya Wazi kwa Idara ya Visima Kuhusu Mota Inayovuma Bila Kuzunguka

Kwa Wakuu wa Idara ya Visima,
Mwingi, Kaunti ya Kitui.

Waheshimiwa,

Wakuu wa idara wanastahili pongezi kwa utaratibu wao wa kupigiwa mfano, ambao kwao kila mota ya kisima inayokataa kuwaka huhesabiwa kuwa maiti, hung'olewa shimoni pamoja na mabomba yake yote, kisha hutangaziwa zabuni kabla ya mtu yeyote kufungua kisanduku cha swichi kilicho juu ya ardhi, karibu kabisa na viti vya plastiki vya kamati.

Kisanduku hicho ndicho kinachopokea umeme wa fezi tatu, yaani mikondo mitatu inayopokezana zamu ili kuizungusha rota, sehemu ya mota inayogeuka. Na kati ya fezi na fezi kipimo cha kawaida nchini Kenya ni volti 415. Fezi moja ikikatika, pengine kwa fyuzi iliyoungua au waya uliolegea, mota iliyosimama hukosa nguvu ya kuanza, ikabaki kuvuma huku ikivuta mkondo mkubwa kupita kiasi na kupata joto. Hapo rilei ya ulinzi, kifaa kinachokata umeme mkondo unapozidi, hutimiza wajibu wake kwa uaminifu ambao ni nadra katika utumishi wa umma, nayo huadhibiwa papo hapo: hubonyezwa tena na tena, na ikishikilia ukaidi wake hurukwa kwa kipande cha waya, mpaka koili, yaani nyaya za shaba zilizosukwa ndani ya mota, ziungue kweli na kuthibitisha kwamba idara haikukosea tangu mwanzo.

Ni kweli kwamba vipimo huharibu zabuni. Kipima volti hufichua fezi iliyopotea kwa dakika chache. Na umeme ukiisha kuzimwa, koili tatu zenye ukinzani unaolingana, pamoja na kihami kinachosoma zaidi ya megaomu moja kwa kipimo cha volti 500, hudokeza kwamba kosa litafutwe kwingine. Zipo hata mota zisizo na ugonjwa wowote, kwa kuwa katika miamba migumu ya Kitui maji ya kisima huweza kurudi polepole, na elektrodi, yaani ncha za kuhisi maji zilizoning'inizwa shimoni, huzuia pampu isizunguke kavu. Mota ya namna hiyo inangoja maji, hali ambayo mkazi yeyote wa Mwingi huielewa bila semina.

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha, ingawa, kwa bahati nzuri ya idara, hakikutaja idadi ya fezi. Zabuni inapoiva, wananchi hufukua mchanga wa Mto Tyaa, ambao haujawahi kudai fyuzi.

Inapendekezwa kwa unyenyekevu kwamba kinunuliwe kipima volti kimoja, na ikibidi kinunuliwe kwa zabuni.

Kwa heshima,
Wateja wa Kisima.

Nakala: Wachuuzi wa maji ya mitungi, ambao wameomba suala hili lisiharakishwe.