Namna ya Kuwa Binti Mwema kwa Masista

Hongera, mdogo wangu. Umepita mtihani wa kujiunga, ule uliofanywa na watoto wengi kuliko viti, na sasa baba ameshika fomu ya shule kwa mkono mmoja na kalkuleta kwa mwingine. Ada ameshaimeza. Usimwonee huruma mapema. Hajafungua ukurasa wa vifaa.

Tranka la bati. Kufuli mbili. Ndoo mbili zenye mifuniko. Godoro la futi mbili na nusu, neti, jembe, kwanja, fagio la chelewa, rimu ya karatasi, mkebe wa hesabu, rozari na Misale ya Waumini. Mtu asiyejua angedhani unapelekwa kufyeka pori la Kilombero na kulibatiza. Hangekuwa mbali sana na ukweli.

Kila kitu kiandike jina, hata kijiko. Kandambili ziandike zote mbili, kila mguu kivyake, kwa maana huondoka mmoja mmoja. Wino haufai, mchanga na sabuni ya unga huufuta kabla hujamaliza kulia. Pasha msumari moto uchome herufi kwenye plastiki. Ndoo ikipotea hata hivyo, msimamizi wa vilivyopotea ni Mtakatifu Antoni wa Padua, na wala hakatazi mtu kuanza kuitafuta kwenye bweni la kidato cha tatu.

Ukifika utanyolewa, maana nywele ni anasa na chawa ni ukweli. Baada ya hapo mtafanana wote: binti wa mkurugenzi, binti wa muuza mitumba, Mkatoliki wa kuzaliwa na Muislamu aliyeletwa na baba yake kwa sababu amesikia hapa watoto hufaulu. Mpe huyo wa mwisho mwezi wa Oktoba mmoja tu. Atakuwa anaongoza Rozari vizuri kuliko wewe, na kwenye somo la Maarifa ya Biblia atakuacha mbali.

Sasa kengele. Nyumbani ulizoea saa. Hapa saa ni pambo la ukutani. Kengele hukuamsha alfajiri, hukupeleka kuoga maji yaliyolala nje usiku kucha, hukupeleka Misa, uji, darasani, shambani, Rozari, prepo, kitandani. Usibishane nayo, itumie. Sala ya Malaika wa Bwana hupigiwa kengele saa 6 mchana, na kila kiumbe husimama pale kilipo: mwenye jembe na jembe lake, mwenye chaki na chaki yake. Ukiona umeitwa ubaoni saa 6 kasoro dakika nne kufanya hesabu ya logi usiyoijua, andika swali polepole, kwa mwandiko mzuri, pigia mstari chini yake kwa rula. Mbingu zitamalizia.

Salamu ya hapa ni "Tumsifu Yesu Kristo", na huitikiwa "Milele na milele, amina". Ni salamu ya imani. Ni king'ora pia. Masista huvaa viatu vya mpira visivyotoa sauti, na wale wazoefu hukamata funguo zao ndani ya ngumi ili zisilie. Kwa hiyo aliye karibu na mlango, akimwona Sista anakuja, amsalimu kwa heshima kubwa na sauti inayofika kitanda cha mwisho. Sista ataitikia kwa upole. Akiingia atakuta bweni zima linakunja shuka. Usidhani hajui. Alisoma shule kama hii, na alikuwa analala kitanda cha karibu na mlango.

Usicheke kanisani. Nasema hili kwa uzito wake wote. Januari 30, 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya misheni huko Kashasha, upande wa Bukoba, wanafunzi watatu walianza kucheka wakashindwa kuacha. Kicheko kikaambukiza wanafunzi 95 kati ya 159, shule ikafungwa Machi 18, na waliorudishwa nyumbani wakakisambaza vijijini. Madaktari waliandika ripoti yake na watafiti wanaijadili mpaka leo, lakini yeyote aliyewahi kukaa benchi moja na msichana anayejizuia kucheka wakati wa mageuzo, huku mabega yakimtikisika, hahitaji mtafiti.

Lugha ya shule ni Kiingereza. Ukinaswa unaongea Kiswahili utavishwa kibao shingoni, nawe utazunguka nacho ukimwinda wa kumrithisha. Nchi iliyokipigania Kiswahili mpaka kikafika Umoja wa Afrika imekubali binti zake wakinong'one kama bangi. Sijaelewa na sitegemei kuelewa. Njia ya kwanza ni kunyamaza, na ndiyo asili ya ule utulivu ambao wazazi huusifu siku ya kutembelea. Njia ya pili ni ibada. Rozari yetu husaliwa kwa Kiswahili, kwa kuwa Mungu hakuwekewa sharti la kibao, na kati ya Salamu Maria moja na nyingine kuna nafasi ndogo lakini ya kutosha kumuuliza mwenzako nani amechukua ndoo yako. Uliza kwa sauti ileile ya sala. Kichwa kiwe kimeinama.

Kuhusu chakula sitakuchosha. Ugali na maharage, makande, ugali na maharage. Kwaresima inakuja na tangazo zito kuwa Ijumaa hakuna nyama, nawe utajitahidi kukumbuka Ijumaa ya mwisho iliyokuwa nayo. Ukimaliza kuchambua maharage yako usiangalie ya jirani. Fanya urafiki na mpishi kabla ya kufanya urafiki na kiranja, kwa sababu kiranja hubadilika kila mwaka na ukoko wa wali wa Jumapili ni wa milele. Maziwa ya unga na Milo havichanganywi na maji. Hulambwa kwenye kiganja, gizani, na mate yakipita njia mbaya unakohoa unga na kuwataja wenzako wote kwa matroni bila kusema neno.

Tuje kwenye masomo, ambayo ndiyo baba anayalipia. Baraza la Mitihani, NECTA, huchukua masomo yako saba uliyofanya vizuri kuliko mengine. A ni pointi 1, B ni 2, na kuendelea mpaka F ambayo ni 5. Divisheni wani huanzia pointi 7 mpaka 17. Hivyo ndivyo isemavyo serikali. Kwa masista wani ni ya 7, ya 8 wanaipokea kwa masikitiko, na ya 17 ni jambo la kuungama. Kwa hiyo utapiga msuli. Utasoma prepo ya jioni, utaamka kusoma ile ya alfajiri, utafunika kichwa na shuka usome kwa tochi, na Sista wa zamu akipita na kuona shuka lina mwanga kama mtakatifu aliyetokewa, atakupiga marufuku kwa mdomo na kukupenda moyoni.

Mtakatifu wa kumtegemea ni Yosefu wa Kupertino, Mfransisko wa Italia aliyefariki mwaka 1663. Kichwa chake kilikuwa kizito kwa vitabu. Husimuliwa kuwa Injili yote alikuwa ameshika fungu moja tu la kulieleza, na mtahini alipofungua kitabu akaangukia fungu hilohilo. Kwenye mtihani wa upadri, askofu aliwahoji wachache wa mwanzo, wakajibu vizuri mno, akawapitisha na waliobaki bila kuwauliza kitu, Yosefu akiwemo. Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 1767 na kumpa wanafunzi wote wenye mtihani. Sikukuu yake ni Septemba 18, kabla ya mtihani wa kidato cha nne. Anza novena yako mapema na usome topiki zote, kwa sababu miujiza ya namna hiyo haijarudiwa NECTA.

Riwaya za mapenzi zitakamatwa kwenye msako wa matranka na kuchomwa nyuma ya jiko. Usihangaike nazo. Kwa miaka mingi mtaala wenyewe umekuwa na "Ngoswe" ya Edwin Semzaba, ambamo karani wa sensa anaacha kuhesabu watu, anamtorosha binti aitwaye Mazoea, na baba wa binti anaziteketeza karatasi za serikali. Kitabu hicho unaruhusiwa kukisoma mbele ya kikanisa, mchana kweupe, mara nyingi kadiri upendavyo, na Sista akikukuta atakuuliza dhamira. Mjibu kuwa ni uzembe kazini.

Kuna jambo halimo kwenye fomu. Shule za namna hii zina wastani wao, na wastani huo hauko Dodoma, uko ofisini kwa mkuu wa shule. Aliye chini yake hupewa barua. Hafukuzwi, Mungu apishe mbali; anashauriwa kutafuta mazingira yatakayomfaa zaidi. Ndiyo maana matokeo ya kidato cha nne hutoka safi, bila doa: aliyekaribia kufeli aliacha kuwa wa kwetu kabla ya kuandikishwa mtihani. Kwenye kitanda cha chini yako atalala msichana atakayekufundisha kunyoosha sketi kwa kuilaza chini ya godoro, na atakayekuamini na sukari yake. Kidato cha tatu utarudi ukute godoro jingine. Ukiulizwa na wageni siri ya mafanikio ya shule, jibu sala na kujituma. Hilo ndilo jibu linalopendwa, na nusu yake ni kweli.

Mara moja kwa mwaka wavulana wa seminari ndogo watakuja kwa mdahalo. Jioni ya kuamkia siku hiyo, kwa bahati tu, mafungo yatahusu Mwenyeheri Anuarite Nengapeta, sista wa Kongo aliyeuawa Isiro Desemba 1, 1964 kwa kumkatalia mwanajeshi, na kutangazwa mwenyeheri na Papa Yohane Paulo II mwaka 1985. Ni habari ya ushujaa wa kweli na itakutoa machozi. Kesho yake atashuka kwenye lori mvulana mwembamba mwenye tai iliyopinda, hajaongea na msichana tangu Pasaka, na utaambiwa ukae kwa tahadhari ileile. Mada itakuwa juu ya usawa wa kijinsia. Mtawashinda. Wao hushindwa kutazama upande wenu wanapoongea.

Kazi za mikono hazikwepeki, ila nitakupa onyo moja. Mkuu wa shule ni Sista, mhasibu ni Sista, na ile miguu miwili inayotokea chini ya Land Cruiser bovu, yenye soksi nyeupe na oili, nayo ni ya Sista. Jenereta likizima katikati ya prepo hakuna mvulana wa kuitwa; utaitwa wewe ushike tochi, na mara ya pili ushike spana. Meza za mahafali mtabeba ninyi. Paa la banda la nguruwe mtapanda ninyi. Madhara yake hujitokeza likizoni: mjomba anasema mezani kwamba fizikia si ya wasichana, nawe unasubiri amalizie kichekesho chake. Mama na shangazi waliosoma kwa masista wana ugonjwa huohuo. Shangazi aliyesoma Morogoro, Kilakala ilipokuwa bado ikiitwa Marian College ya Masista wa Maryknoll kabla ya serikali kuitaifisha, mpaka leo hamruhusu fundi bomba kuingia jikoni kwake bila kumkagua.

Imebaki siku ya matokeo. Zamani Baraza lilikuwa likitaja shule kumi bora kitaifa, majina kama Marian ya Bagamoyo na St. Francis ya Mbeya yakisomwa redioni, na wazazi wakatamba wiki nzima. Kwa matokeo ya 2022, yaliyotangazwa Januari 2023, orodha hiyo haikutajwa tena, kwa hoja kwamba kuzipanga shule hakuna tija. Kwa hiyo kina baba wanaipanga wenyewe kwenye magrupu ya WhatsApp, kila mmoja na hesabu zake, na kwa kila hesabu shule ya mwanawe ni ya kwanza.

Tovuti itagoma. Ikifunguka, tafuta namba ya shule, kisha namba yako. Kumbuka pia kumpigia babu kijijini kabla kijana wa dukani hajamfungulia ukurasa huo kwenye simu, kwa sababu pembeni ya kila namba kuna safu ya jinsia, na kwa shule yetu safu hiyo ina F kuanzia juu hadi chini. Mwaka wangu ukoo mzima ulikuwa umeshakodi Noah kuja kutupa pole.